Nilipita mbio, nikaangushwa na karatasi

Swali: "Afande mwalimu, pole na kazi. Nina miaka 21, naishi Bombo, hapa Uganda, nauza chapati na mama yangu kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano. Safari iliyopita ya kuandikisha askari polisi nilipita mbio, nikapita kwa daktari, vyeti vyangu vikakubaliwa, lakini karatasi ya mtihani ikaniangusha. Si kwamba sikusoma. Nilisoma miezi minne, nina madaftari matatu yamejaa, mistari nimeipaka rangi ya njano mpaka karatasi zimelowa. Maswali yalikuwa 80, dakika 90, ya kuchagua jibu. Mengi niliyaona nayajua lakini jibu halikuja, na 18 ya mwisho sikuyafikia. Wakitangaza tena nataka kurudi. Nisome vipi? Tena kuna mtu anasema nimpe milioni mbili atanisaidia, na mama anataka tukope. Na nikiulizwa kwenye mahojiano kama niliwahi kuanguka, niseme nini?"

Binti yangu, nianze na la mama, maana mkopo haungoji jibu refu. Mwambie asikope. Kuandikishwa polisi hakulipiwi, na makao makuu ya polisi, Naguru, yamekuwa yakiwaonya watu juu ya matapeli kila msimu wa kuandikisha unapofika. Kazi yao naijua ilivyo. Mtu anachukua pesa kwa vijana kumi. Hamwendei mkubwa yeyote, hampigii simu mtu yeyote, anakaa. Watatu katika hao kumi wanapita kwa nguvu zao wenyewe, hao anawaambia "umeona?" na pesa zao anazila. Saba waliobaki anawarudishia kidogo kidogo, au anabadilisha namba ya simu. Na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamshika anayetoa pamoja na anayepokea. Mama yako angekopa ili akununulie kosa la jinai, wewe unayetaka kuvaa sare. Na yeyote atakayekuuzia "karatasi iliyovuja", mweke kapu moja na huyo.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe.

Katika barua yako kuna maneno nimeyarudia mara tatu: "niliyaona nayajua lakini jibu halikuja." Nimefundisha watahiniwa miaka mingi, na wengi wanaoanguka mara ya kwanza husema hivyohivyo. Fikiria mtu aliyeibiwa simu kwenye paki ya teksi. Anafika kituoni, askari anamwuliza, "Mwizi alikuwaje?" Anajibu, "Afande, sura yake siwezi kuieleza, lakini nikimwona nitamjua." Hasemi uongo. Ila askari hawezi kutoka nje na maneno hayo akamtafuta mtu. Anakuja shahidi wa pili: "Mrefu kunipita kidogo, ana kovu juu ya jicho la kushoto, shati la bluu, kiatu kimoja hakina kamba." Wote wawili walimwona mwizi yuleyule. Wa pili peke yake ndiye anayeweza kumtoa kichwani wakati mwizi hayupo mbele yake.

Miezi minne yote ulijizoeza kuwa shahidi wa kwanza. Daftari liko wazi, mistari ya njano inakutazama, na kila ukipita juu yake akili inasema "huyu namjua." Utaniambia maswali yalikuwa ya kuchagua, kwa hiyo kutambua kungetosha. Hapana. Mtunzi hodari anakuwekea majibu manne ambayo yote umewahi kuyasikia: saa 24, saa 48, saa 72, siku saba. Mwenye kutambua tu anayatambua yote manne, ndipo anapobaki ameduwaa huku saa inakwenda.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, halafu katika vipindi vitatu likafunika na kuandika kila lililoweza kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma na kusoma tena walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojikumbusha walikuwa na 61. Itazame vizuri ile namba ya dakika tano, kwa sababu ndiyo iliyokudanganya. Kila jioni ulipofunga daftari ulijisikia umejaa, na kweli ulikuwa umejaa, kwa jioni ile.

Basi madaftari usiyatupe, lakini rangi ya njano iweke kando. Kabla ya kusoma chochote kipya, fanya anachofanya askari kwanza: rudi eneo la tukio. Chukua daftari tupu, andika kila swali unalolikumbuka la mtihani ule, hata kwa nusu. Usitafute majibu bado. Mbele ya kila swali andika kilichotokea. Je, jambo lenyewe hukulijua kabisa? Ulilijua likakataa kutoka? Ulilijua ila ulisoma swali vibaya, kwa mfano waliuliza lipi "si" kazi ya polisi, wewe ukachagua kazi ya polisi? Au hukulifikia? Hizo ni ajali za namna nne, na dawa zake hazifanani. Aliyeangushwa na kusoma swali vibaya akienda kuongeza madaftari, anameza dawa ya malaria kwa mguu uliovunjika. Ukikumbuka maswali 25 yatatosha kukuonyesha mkondo.

Mkondo mmoja tayari nauona, ni wa saa. Dakika 90 kwa maswali 80 ni kama sekunde 67 kwa swali. Wewe ulijibu 62, maana yake ulikuwa unatumia sekunde 87. Tofauti ni sekunde 20, na sekunde hizo hazipotei kwa sababu una akili nzito. Zinapotea kwa kung'ang'ana: hesabu moja imekugomea, unaona aibu kuiacha, inakula dakika nne, na dakika nne hizo zilikuwa ni za maswali matatu au manne mepesi yaliyokuwa yakikungoja mwishoni.

Jizoeze kwenda raundi mbili. Raundi ya kwanza unajibu yale tu yanayokubali haraka. Lililogoma unaliwekea alama ndogo unapita. Mpaka dakika ya 55 uwe umefika swali la 80. Halafu unarudi kwa yaliyobaki ukiwa umetulia, kwa sababu alama nyingi ziko mfukoni tayari. Dakika tano za mwisho hakuna kufikiri tena, ni kuhakikisha hakuna nafasi tupu, kama maelekezo ya karatasi hayasemi kwamba jibu baya linakata alama. Soma maelekezo hayo kwanza. Kama hayakati, maswali 18 uliyoyaacha wazi, yenye majibu manne manne, hata kwa kubahatisha tupu yangekupa wastani wa alama nne au tano. Tena ukiruka swali, gusa namba kwa kidole kwenye karatasi ya majibu. Nimewaona vijana wazuri walioruka la 23, wakaweka jibu la 24 kwenye nafasi ya 23, na kuanzia hapo kila jibu likakaa nyumba ya jirani.

Mtihani ujao unaweza kuja na idadi nyingine ya maswali na muda mwingine. Hesabu ni ileile: gawanya muda kwa maswali kabla ya kuanza, ujue mwendo wako.

Sasa namna ya kuyatoa madaftari kichwani. Kata makaratasi magumu, hata ya makatoni, ukubwa wa kiganja. Mbele andika swali, nyuma jibu. Kadi moja, jambo moja. Tafuta maboksi manne. Kadi mpya inaanza boksi la kwanza, ambalo unajiuliza kila siku. Ukiipata, inahamia la pili, la kila siku ya tatu. Ukiipata tena, inakwenda la tatu, la kila wiki, halafu la nne, la kila mwezi. Ukiikosa popote pale, inarudi boksi la kwanza bila huruma. Utaratibu huu ulienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba haukuachi upoteze muda juu ya unayoyajua kwa sababu tu yanakufurahisha. Jibu lazima ulitamke kabla ya kugeuza kadi. Ukigeuza ndipo useme "aa, nililijua," umerudi kuwa shahidi wa kwanza.

Kadi tano tano ziingie mfukoni mwa aproni. Chapati ikiiva upande mmoja una muda wa kadi moja. Na mama yako ndiye mwalimu utakayemtumia kuliko mimi. Si lazima ajue jibu, wala Kiingereza. Mweleze kwa Kiswahili tofauti ya bondi ya polisi na dhamana ya mahakama. Akisema "sijaelewa," hujaelewa wewe. Utagundua bondi inatolewa na polisi, mtu bado hajafikishwa mbele ya hakimu, na ni bure. Dhamana inatolewa na mahakama. Jambo ambalo umemfanya mama alielewe halitakukimbia kwenye chumba cha mtihani.

Upande wa sheria wengi hubeba muhtasari uliochapwa na mtu fulani kutoka kwa mtu fulani. Soma maandishi yenyewe. Katiba ya 1995 ni ndefu, lakini unachohitaji ndani yake kwa mtihani huu si kingi: Sura ya Nne juu ya haki za watu, na Ibara ya 211 na 212 juu ya polisi. Ibara ya 212 inataja kazi nne tu: kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa ujumla. Zikariri mpaka uweze kuziandika ukiwa umeamshwa usiku. Hukumu ya mtuhumiwa haimo. Hapo ndipo swali la "lipi si kazi ya polisi" linapokaa. Kuamua kesi ni kwa mahakama, na kuamua nani ashtakiwe kwa jinai ni kwa Mkurugenzi wa Mashtaka chini ya Ibara ya 120.

Ila kukariri namba hakutoshi, maana swali zuri halikuulizi namba, linakupa kisa. Chukua Ibara ya 23: mtu aliyekamatwa asipoachiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Kila mtahiniwa anajua "48". Sasa jiulize hivi: mtu amekamatwa Ijumaa saa nne usiku; muda wake unakwisha lini? Wengi watasema Jumatatu, kwa sababu mahakama hufunguliwa Jumatatu. Maandishi hayakutoa Jumamosi wala Jumapili. Ni Jumapili saa nne usiku. Kwa kila kadi ya sheria tunga kisa kama hicho mwenyewe, chenye watu na saa na mahali pa Bombo. Kutunga kisa kunakulazimisha kuiona sheria ikitembea.

Fanya hivyo hasa kwa maswali ya maamuzi, yale yanayosema "mkubwa wako amekuamuru umpige mtuhumiwa ili akiri, utafanya nini?" Wapo wanaodhani jibu linalotakiwa ni la utii. Ibara ya 24 inakataza mateso, Ibara ya 44 inasema katazo hilo halina likizo, na Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya 2012 inasema amri ya mkubwa si utetezi. Ukiyajua hayo matatu huna haja ya kubahatisha mtunzi anapenda nini. Na nakuomba kwa moyo wote uyajue si kwa ajili ya alama tu, maana iko siku swali hilo litakujia lisiwe kwenye karatasi.

Hapa kuna mtego wa lugha. Sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani tuna neno moja, wizi, na tunalitumia kwa kila kitu: aliyechomoa simu mfukoni, aliyempiga mtu akamnyang'anya mkoba, aliyevunja mlango usiku. Kwenye Sheria ya Adhabu hayo ni makosa tofauti. Kuiba ni kitu kimoja. Kuiba kwa nguvu au kwa vitisho ni kingine. Kuvunja na kuingia nyumbani kwa mtu ili utende kosa ni kingine, tena likifanywa usiku lina jina lake na adhabu yake. Mtihani uko kwa Kiingereza, na kila moja lina neno lake la Kiingereza. Weka kadi ya kila neno, na nyuma yake usiandike tafsiri bali kisa cha mstari mmoja kinacholitofautisha na ndugu zake.

Na saa. Ukisikia saa mbili asubuhi kichwa chako kinasema mbili, karatasi inasema nane, na polisi wanaandika 0800. Mtu anapata hesabu yote sawa halafu anakosa alama kwa sababu alichanganya saa za Kiswahili na za karatasi. Kwa wiki mbili andika kila saa ya maisha yako kwa mtindo wa saa 24: umeamka 0400, umewasha jiko 0445. Litaisha.

Hesabu nina hakika ulizisoma mada kwa mada: wiki ya asilimia, wiki ya uwiano, wiki ya mwendo na muda. Kila mtu anafanya hivyo, na inaonekana busara. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi maswali ya ujazo wa maumbo, kundi moja aina moja baada ya nyingine, kundi jingine yamechanganywa. Wakati wa mazoezi wa mada kwa mada walipata asilimia 89, wa mchanganyiko 60. Kwenye jaribio baada ya wiki moja, wa mada kwa mada walishuka mpaka 20, wa mchanganyiko walikuwa na 63. Sababu ni nyepesi ukiiwaza: ukiwa katika wiki ya asilimia huhitaji kujiuliza "hili ni swali la aina gani?" kwa sababu umeshaambiwa. Kwenye mtihani hakuna anayekuambia. Kutambua aina ya swali ni nusu ya kazi, na wewe hukuwahi kuifanyia mazoezi. Basi kata maswali ya zamani vipande vipande, yakoroge kwenye bakuli, chomoa kumi bila kuangalia. Utakosa mengi wiki za kwanza. Vumilia.

Jaribu hili uone: makosa yaliyoripotiwa katika eneo fulani yalipungua kwa asilimia 20, yakawa 360. Mwanzoni yalikuwa mangapi? Mkono unakimbilia kuchukua asilimia 20 ya 360, ambayo ni 72, na kuijumlisha: 432. Na hiyo 432 utaikuta imekaa kwenye majibu, inakungoja. Lakini asilimia 20 ilikuwa ya namba ya zamani, siyo ya 360. Hizo 360 ni asilimia 80 zilizobaki. Asilimia 10 ni 45. Asilimia 100 ni 450. Kila ukikosa hesabu usiandike jibu sahihi tu, andika mkono wako ulikimbilia wapi. Daftari la namna hiyo likifika kurasa kumi utaona unarudia makosa matatu au manne yaleyale. Hayo ndiyo ya kutibu.

Kiingereza cha kusoma kinahitaji gazeti. Kila siku habari moja ya New Vision au Daily Monitor, hata gazeti la juzi lililofungia sukari. Soma mara moja, lifunike, andika sentensi tatu za Kiingereza: nani, nini, kimetokea wapi na lini. Halafu fungua uangalie umeongeza nini ambacho gazeti halikusema. Watu wenye akili huanguka kwenye maswali ya ufahamu kwa sababu wanajibu wanachokijua badala ya kilichoandikwa. Ukipewa kuandika ripoti ya tukio, kanuni ni hiyohiyo. "Dereva alikuwa amelewa" ni hukumu. "Dereva alikuwa akiyumba, mdomo ukinuka pombe, na alidondosha funguo mara mbili" ni ulichokiona. Andika ya pili. Karatasi nyingi nilizosahihisha zilipoteza alama hapo, na waandishi wake walikuwa na Kiingereza kizuri.

Maarifa ya jumla yapitie haraka, ila usirithi daftari la kaka yako. Mambo haya yanachacha. Daftari la zamani litakuambia Waganda ni milioni 34.6, hiyo ni sensa ya 2014, ya 2024 ilihesabu milioni 45.9. Litakuambia Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi sita; Kongo iliingia 2022, Somalia ikafuata, sasa ni nane. Litamtaja Ochola kuwa Inspekta Jenerali, wakati Abas Byakagaba aliteuliwa Mei 2024. Kadi za namna hii ziandike kwa penseli, uzihakiki tena wiki tangazo linapotoka.

Ratiba. Unaamka saa kumi usiku, kwa hiyo usiniambie utasoma mpaka saa sita. Akili huyapanga ya mchana ukiwa usingizini, na ukiukata usingizi umemwaga ulichokichota. Baada ya kufunga biashara, kula, lala nusu saa. Saa nane mchana dakika 40 za maswali ya mchanganyiko, simu ikiwa chumba kingine. Jioni dakika 30 za gazeti na kadi. Basi. Ni pungufu sana kuliko ulivyosoma mwanzo, najua, na utajisikia mvivu. Lakini dakika 70 za kujiuliza zinachosha kuliko saa nne za kupaka rangi, na uchovu huo ndio alama kwamba kitu kinaingia. Jumapili moja kila wiki mbili fanya karatasi nzima kwa saa, umekaa kwenye kiti kigumu, mwenzako ameshika muda. Mbio zako usiziache, mara tatu kwa wiki zinatosha kulinda ulichonacho.

Usingoje tangazo ndipo uanze. Likitoka, siku zake huwa chache, na utazimaliza ukikimbilia nakala za vyeti, kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, kwa hiyo hivyo navyo viweke tayari kwenye bahasha. Tangazo huwa na kikomo cha umri. Kwa miaka 21 usiache nafasi ikapita. Na kama Magereza wakitangaza kabla ya polisi, ni chombo kingine kabisa, lakini hesabu, Kiingereza na Sura ya Nne ya Katiba utakazokuwa umejifunza hazitapotea. Kiswahili chako pia ni mali. Kimekuwa lugha ya vikosi nchini hapa tangu enzi za mkoloni, Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na ukifika chuo cha Kabalye, Masindi, utawaona wenzako wakihangaika na maneno uliyoyanyonya kwa mama.

Umeuliza useme nini kwenye mahojiano. Sema kweli. "Ndiyo, afande, niliomba safari iliyopita, nikaanguka mtihani wa kuandika." Usiinamishe kichwa, usilaumu karatasi, usimtaje yule mtu wa milioni mbili kama sababu ya wengine kupita. Watakuuliza: umebadilisha nini tangu hapo? Hilo ndilo swali lao la kweli, na wengi hujibu "nimesoma sana." Wewe waambie uliacha maswali 18 bila kuyagusa kwa sababu ulikuwa ukitumia sekunde 87 kwa swali, na sasa unatumia 65. Waambie ulikuwa ukikosea asilimia za kurudi nyuma, na daftari la makosa unalo. Kama wataomba kuliona, uwe umelibeba.